Zebaki ya mto Tapajós, na ile ya kwenye kopo lako

Nimesikia Wamunduruku wa Brazil wanaumia kwa samaki wa mto wao. Kumeingia nini humo?

Zebaki. Wachimbaji haramu wa dhahabu katika msitu wa Amazon huitumia kunasa chembe za dhahabu, na nyingine hupotelea mtoni. Kwenye tope vijidudu huigeuza sumu kali zaidi, samaki huibeba, mtu humla samaki. Mwaka 2019 watafiti wa Fiocruz, taasisi ya afya ya Brazil, walipima nywele za watu 200 hivi katika vijiji vitatu vya Tapajós. Wote walikuwa nayo.

Sisi Malindi tukimpika samaki sana, si itatoka?

Haitoki. Kuchemsha hakuitoi, ndimu haiitoi, kukaanga mpaka akakauka hakuitoi. Imo ndani ya nyama yenyewe. Mjamzito aepuke papa na nduwaro, ale dagaa na vibua bila wasiwasi. Mimi hofu yangu kubwa si samaki.

Ni nini basi?

Krimu za kujichubua. Baadhi yake zina zebaki, na hiyo huua figo. Wanaokuja kwetu kliniki nawajua kabla hawajakaa: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi, macho yamevimba, na ukibonyeza mguu shimo linabaki pale pale. Kopo amelifunga kwenye pindo la leso, halina hata jina la aliyelitengeneza.

Nimevimba uso na miguu, mama mkwe anasema ni mimba tu. Ningoje?

Usingoje! Mimba au si mimba, uso ukivimba njoo siku hiyo hiyo. Mkojo ukitoa povu, njoo. Kipimo cha mkojo ni cha dakika chache, na presha tutaipima hapo hapo. Wengi wamekaa wiki tatu wakinywa chai ya tangawizi, na figo hazikungoja. Tafadhali, dada zangu, usingoje.

Nikiacha nitarudi kuwa mweusi. Nipunguze kidogo kidogo?

Utarudi rangi yako, ndiyo. Zebaki haina kidogo kidogo, acha leo. Inashika kwenye mto wa kulalia na taulo, na mtoto analala hapo hapo. Fua vyote kando na nguo zake. Kopo lifunike vizuri uje nalo kliniki. Usilichome moto, moshi wake ni sumu, na usimpe mdogo wako alimalizie.