Itifaki imezingatiwa: dhana potofu kuhusu shikamoo, bwana na mheshimiwa

Riziki yangu inatoka kwenye maiki. Mimi ni mshereheshaji, MC kama wateja wanavyoniita, na kinachoniumiza kichwa si kuchekesha ukumbi wala kuituliza kamati chakula kikichelewa. Ni orodha ya meza kuu. Siku chache kabla ya shughuli mwenyekiti wa kamati hunitumia majina, na kila jina lina kitangulizi chake: Mhe., Dkt., Mhandisi, Alhaji, Mchungaji, Ndugu, Bi. Ukikosea kimoja, umeharibu sherehe ya mtu.

Kuna jioni nilimtambulisha mgeni mmoja kwa "Bwana" na jina lake. Dakika tano hazijapita, mhudumu akaniletea kipande cha bahasha ya mchango, kimekunjwa mara nne, ndani neno moja kwa kalamu ya buluu: "Mhandisi". Ikabidi nirudie utambulisho. Mgeni wangu akainuka tena, akapunga mkono upya, safari hii na tabasamu. Ndiyo maana wengi wetu tumejificha nyuma ya ule msemo, "itifaki imezingatiwa", tukiomba Mungu asitokee wa kuhesabu nani hakutajwa.

Katika kazi hii nimesikiliza ubishi mwingi kuhusu majina ya heshima. Mengi yanayosemwa kwa sauti kubwa si kweli, au ni nusu kweli, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

"Shikamoo ni salamu ya kitumwa, tuachane nayo"

Hili huletwa zaidi na vijana waliosoma, na lina punje ya ukweli ndani yake. Asili ya neno haina siri: nashika moo, yaani nashika miguu yako. Marahaba nayo ni Kiarabu, neno la kumkaribisha mtu. Na kweli, katika Zanzibar ya karne ya 19 mtumwa alimwamkia bwana wake hivyo.

Tatizo ni kuruka kutoka kwa mtumwa yule hadi kwa mtoto wa leo bila kutazama kilichopita katikati. Neno lilihama nyumba. Halimfuati tena mwenye mali, linafuata umri na ukoo. Profesa akirudi kijijini humwamkia shangazi yake asiyejua kusoma, na wala haulizi nani ana hati ya shamba. Waitaliano nao wana "ciao" yao, iliyotokana na neno la Kivenisi lenye maana ya "mimi ni mtumwa wako". Leo wanaitupiana mitaani, wakubwa kwa wadogo, na sijasikia anayetaka ifutwe. Dar es Salaam, miaka ya 1990, wanamuziki wakongwe walipoungana kupiga tena dansi la zamani waliiita bendi yao Shikamoo Jazz. Walijua wanadai nini.

Bibi yangu wa Tanga ndiye aliyenifundisha uzito wa neno hili, na hakuwahi kunieleza kitu. Ukiingia uani kwake kimya, hakugombezi. Anaendelea kupepeta mchele, ungo unapanda na kushuka, macho kwenye chuya, kana kwamba aliyeingia ni kuku. Ukisema "Shikamoo bibi", ungo unatua chini. "Marahaba mume wangu, hujambo?" Hapo ndipo unapopata kigoda. (Hilo la "mume wangu" ni utani wa bibi na mjukuu, mgeni asishtuke.) Ukiangalia vizuri, aliyeshikwa ni yeye: hawezi kuanza yeye, wala hawezi kuipokea akanyamaza. Ukishampa shikamoo ana deni la marahaba, na baada ya marahaba ana deni la kukujulia hali.

Wapo pia wanaodhani ni hesabu ya miaka tu. Nina shangazi niliyemzidi miaka minne na ninamwamkia, kwa sababu ni dada wa baba yangu, basi. Upande wa pili yupo dada wa miaka 30 ambaye ukimwamkia anakukata jicho: "Unanizeesha!" Ukumbini, penye watu wa kila rika, mimi husema "shikamooni wazee wetu" nikiinamisha kichwa, halafu nawageukia wengine kwa "habari za jioni". Kila mtu anajiweka mwenyewe kwenye kundi analolitaka. Na wapo wasioitumia kabisa: Kenya ya bara ni wachache wanaoamkiana hivyo, ukifika Mombasa unaisikia. Mkenya wa bara asipokuamkia hajakudharau. Kwao salamu hiyo haikukaa.

"Cheo cha heshima mtu huzaliwa nacho"

Viko vya namna hiyo. Sharifu ni wa ukoo wa Mtume, na katika Oman neno Sayyid ni la ukoo unaotawala. Lakini vingi vya pwani mtu hupewa na watu. Mwaka 1880, Fumba huko Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Ndilo lililokuwa jina lake. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, na sauti yake ilipojulikana akapewa jina jingine: Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na mwaka 1950 alifariki akiwa Siti binti Saad. Jina alilopewa ukubwani likameza lile alilozaliwa nalo. Mtu akinitolea hoja ya shikamoo na utumwa, huwa namsimulia habari ya mama huyu kwanza.

"Bwana tuliletewa na mkoloni"

Hapana. Bwana Mataka alikuwa kiongozi wa Siyu, kisiwani Pate, na watu wake walilishinda jeshi la Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, miaka ya 1840. Bwana Heri alikuwa mkubwa wa Saadani, akapigana na Wajerumani mwaka 1889. Wote wawili waliitwa Bwana na watu wao kabla ya bwana shauri yeyote, yaani ofisa wa kikoloni, kuweka kiti chini ya mwembe. Mkoloni alilikuta neno, akalivaa. Likapewa pia kazi za kawaida: bwana shamba, bibi shamba, bwana samaki, bwana afya. Siku hizi limeshuka hadi kuwa kiungo cha maneno, "acha bwana", "njoo bwana", na hata mke humwambia mumewe "wewe bwana wewe" akiwa na hasira zake.

La kigeni kweli ni "afande". Hilo ni "efendi" la Kituruki, lililofika na askari wa Kisudani waliochukuliwa na Wajerumani kutoka Misri. Katika jeshi la Wajerumani huku lilikuwa cheo cha ofisa Mwafrika. Leo unamwita hivyo polisi wa barabarani, hasa kama umesahau leseni nyumbani.

"Kiongozi asipoitwa mheshimiwa amevunjiwa heshima"

Waliokua miaka ya 1970 watacheka. Tanzania ya Azimio la Arusha, lile la mwaka 1967, kila mtu alikuwa Ndugu. Imani ya TANU ilikuwa na maneno haya: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja. Basi waziri alikuwa Ndugu Waziri, na dereva wake Ndugu fulani. Rais mwenyewe aliitwa Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya kweli, Tabora na Pugu, na hakuna aliyeona limepungua kitu. Mheshimiwa lilishamiri miaka ya 1990, nchi ilipoingia kwenye vyama vingi. Kwenye mikutano ya CCM bado utasikia "Ndugu", na mtu yuleyule akiingia bungeni anageuka Mheshimiwa.

Bungeni lina utaratibu wake, silipingi. Mbunge akisema "Mheshimiwa Spika" kila baada ya pumzi mbili, ni desturi ya nyumba ile. Mtaani ni hiari yako. Wakenya, waliowahi kuishi na "Mtukufu Rais" kwenye kila taarifa ya habari, wamelikata hilo la wabunge likawa "Mhesh", na humo ndani mna heshima nusu na kejeli nusu, inategemea aliyelisema amelipwa au bado.

Kingine ni cha sarufi, lakini kinanigusa kazini. Mheshimiwa ni mtu anayeheshimiwa. Kile "-wa" cha mwisho kinataka mtendaji, yaani lazima awepo wa kumheshimu. Kwa hiyo mtu akinipigia simu na kujitambulisha, "Naitwa Mheshimiwa fulani", masikio yangu huwasha. Mwalimu anaweza kujiita mwalimu, ni kazi. Mheshimiwa unangoja uitwe.

"Kiswahili hakina 'wewe' ya heshima, kwa hiyo hakijali"

Waliosoma Kifaransa ndio hupenda hoja hii: wenzetu wana "tu" na "vous", sisi tuna "wewe" moja kwa mfalme na kwa mbuzi. Ni kweli tuna moja, na kwa mkubwa tunaikwepa. Mkwe akiwa kaketi mbele yako humuulizi "wewe utakula?" Unamuuliza "Baba atakula?" kana kwamba baba huyo yuko chumba cha pili. "Mama ameamkaje?" "Mzee atakunywa chai au uji?" Jina la heshima linakalia kiti cha "wewe". Na jaribu kumwita mtu mzima kwa "We!" uone kama lugha hii haijali.

Adabu nyingine imo ndani ya kitenzi. Watu wa bara la Tanzania na wa pwani huanza na "naomba": naomba chumvi, naomba nipite, naomba unisogezee kiti. "Tafadhali" hatuitumii sana kwa sababu kazi yake imeshafanyika. Nilipokwenda Nairobi kuendesha send-off ya binti wa rafiki yangu, niliingia dukani nikasema, "Naomba maji ya kunywa, chupa mbili." Muuzaji akanitazama. "Hapa hatupeani, boss. Ni kununua." Kisha akacheka, mimi nikacheka, nikalipa. Wenzetu husema "nipatie" au "niuzie", nako ni ustaarabu kamili, na bado huku kwetu yupo anayerudi na hadithi kwamba Wakenya ni wakali.

"Dkt. ni Dkt. tu"

Kwa kifupi. Udaktari wa falsafa unasomewa. Udaktari wa heshima unatunukiwa, na vyuo vingi duniani huwataka waliotunukiwa wasiutangulize kwenye jina. Profesa ni cheo cha kazi chuoni, si shahada. Na hospitalini tunamwita daktari kila mwenye koti jeupe na kipimo shingoni, hata kama ni tabibu, yaani clinical officer, wala hajatudanganya. Mimi nasoma nilichoandikiwa. Sina muda wa kukagua vyeti kati ya keki na shampeni.

"Kumwita mwanamke Mama Fulani ni kumfutia jina"

Hili sina jibu la mkato. Kwa wengi ni taji: aliitwa kwa jina lake utotoni, sasa amepanda, ana mtu wa kuitwa naye. Kumwita jina lake kavu mbele ya wanawe ni utovu wa adabu. Yupo pia mama asiyezaa anayeitwa mama mtaa mzima, na anaitika. Ila neno la heshima linaweza kufunika mtu. Tazama "dada" wa nyumbani: neno ni la undugu, lakini nimeshakaa kwenye nyumba ambako dada amepika miaka mitatu, na mwenye nyumba akiulizwa jina lake inabidi afikiri.

Mwaka jana kwenye send-off moja orodha ilimtaja mama wa bibi harusi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani. Nikamfuata kabla hajaingia ukumbini, mashoga zake wakimpanga kilemba. "Shikamoo mama. Nikikuita mbele, nikuiteje?" Akanyamaza kidogo. Kisha akanitajia majina yake matatu, lake, la baba yake na la babu yake, polepole, akanitaka niyarudie. Nilikosea la mwisho. Akanirekebisha, nikarudia tena, ndipo akamwachia shoga yake aendelee na kilemba.