Hati Iko Kabatini Kwako, Jina Bado la Marehemu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala aliniwekea mezani bahasha ya kaki iliyoviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni. Humo mlikuwa na hatimiliki halisi, muhuri na saini zote, ramani ya kiwanja ikiwa imeambatishwa. Alinunua miaka tisa iliyopita: pesa taslimu, mashahidi wawili, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri kwenye mkataba. "Wakili, mimi sina wasiwasi, hati ninayo mwenyewe." Nikamwomba anisomee jina. La muuzaji. Na muuzaji amefariki mwaka huu.

Watu wanaogopa hati feki. Mimi ofisini nakutana zaidi na hati halali iliyo mikononi mwa mtu ambaye daftari halimjui.

Kiwanja kikishasajiliwa, penye nguvu ni kwenye daftari la Msajili wa Hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 41, haiutambui uhamisho wa miliki mpaka usajiliwe. Kabla ya hapo mkataba wako ni mkataba tu: unakupa haki ya kumdai muuzaji akamilishe, lakini mmiliki ni yeye. Akifa, kiwanja kitaorodheshwa kwenye mirathi yake. Akidaiwa, mdai mwenye hukumu ataomba kikamatwe hichohicho ulichojengea.

Tusisahau pia kinachomilikiwa ni nini. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati inakupa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, kwa masharti: ujenge kulingana na matumizi yaliyoandikwa na ulipe kodi ya pango kila mwaka. Ukipuuza, miliki inaweza kubatilishwa.

Kwa nini watu hawahamishi jina? Kodi. Muuzaji anatakiwa amalizane na TRA, Mamlaka ya Mapato, kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, yaani faida aliyopata kwa kuuza, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kuna tathmini. Wapo wanaoandika bei ya chini kwenye mkataba wakidhani ni ujanja, halafu mthamini anakuja na thamani yake na ndiyo inayotumika. Muuzaji akishashika pesa yote anasema "tutamalizia baadaye", na baadaye hapokei simu. Wateja wangu huwa nawaambia wabakize sehemu ya bei mpaka jina libadilike. Wauzaji wananuna, lakini wanasaini fomu haraka.

Kabla ya kulipa hata shilingi, omba upekuzi rasmi wa daftari kwa Msajili. Unapeleka namba ya hati, kitalu na kiwanja, unajibiwa mmiliki ni nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Jibu la miezi mitatu iliyopita usilitumie; rehani inaingia kwa siku moja. Halafu uliza kuhusu mwenzi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, hata kama jina ni la mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema hivyo kwenye kifungu cha 59, na daftari linaweza lisikuonyeshe chochote kuhusu ndoa.

Kwa mama wa Mbagala tumeanza na zuio kwa Msajili, ili asije mtu akauza au kuweka rehani wakati tunahangaika. Kisha tunasubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe, maana ndiye atakayesaini uhamisho badala ya marehemu. Akigoma, tunakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nilimuuliza kodi ya pango alikuwa analipa nani. Akatoa risiti tano, zote zimeandikwa jina la muuzaji. Lakini alilipa kwa simu yake, na zile jumbe za muamala hakuzifuta. Ameahidi kuleta risiti nne zilizobaki Jumatatu, pamoja na yule mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, kama bado anaishi Mbagala.