Tramadol tumboni: yanayosemwa kwenye benchi la kliniki

Ukikaa na wajawazito wanaosubiri kupimwa katika kliniki za Dar, utasikia kilio cha mgongo na nyonga, kisha ushauri wa kila aina. Mwingine unaniogopesha.

"Dawa za maumivu zote ni moja." Sivyo. Paracetamol ndiyo ya kuanzia. Tramadol, kodeini, pethidini na mofini ni opioidi, ndugu wa heroini. (Diclofenac si opioidi, lakini nayo kuanzia wiki ya 20 isitumike bila daktari.)

"Kondo la nyuma litamkinga mtoto." Opioidi hupita. Dozi chache alizoandika daktari si sawa na vidonge vya kila siku kwa wiki nyingi. Hapo mwili wa mtoto huzoea, na kitovu kikikatwa, dawa nayo imekatika. Mara nyingi ndani ya siku 3 za kwanza kichanga hupata arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea: anatetemeka, analia kwa sauti nyembamba habembelezeki, anapiga chafya, anaharisha, ziwa halishiki vizuri. Nyumbani watasema ni mchango. Jamani, mrudisheni hospitali!

"Ukijua una mimba, acha siku hiyohiyo." Huu ndio ushauri ninaouhofia zaidi, maana unatolewa kwa upendo. Aliyezoea dawa akiikata ghafla, arosto humshika yeye na mtoto tumboni. Mimba inaweza kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati. Dozi hupunguzwa au kubadilishwa na daktari. Anayetumia heroini hupewa methadone, opioidi mbadala, tiba iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Mimba ikikua dozi inaweza kuongezwa, kwa kuwa mwili huimaliza dawa upesi zaidi.

"Mtoto atazaliwa teja." Neno hili liachwe kabisa. Mwili wake umezoea dawa, basi, na anatibika: akumbatiwe kifuani, akae pa utulivu, anyonyeshwe. Wengine hupewa mofini kidogo inayopunguzwa taratibu. Mama aliyetulia kwenye methadone kwa kawaida anaruhusiwa kunyonyesha.

"Mkunga usimwambie, atakusema." Dada, mwambie. Kichanga kikichelewa kupumua baada ya mama kuchomwa pethidini, huweza kupewa naloxone, sindano inayozima nguvu ya opioidi ghafla. Kwa mtoto aliyezoea opioidi, sindano hiyo inaweza kuleta degedege. Mkunga hawezi kulijua hilo kwa kukutazama usoni.