Agriturismo ni kitu gani hasa

Ukianza kutafuta pa kulala Toscana, Italia, ili kutembelea watengeneza waini, kila ukigeuka unakutana na hili neno agriturismo, na wengi wanalipita wakidhani ni jina la madoido la gesti ya kijijini. Sio hivyo. Kule Italia hili ni neno la kisheria kabisa, maana yake ni shamba linalolimwa kweli ambalo mwenyewe ameruhusiwa kulaza wageni na kuwapikia, na sheria (inayotumika sasa ni namba 96 ya mwaka 2006, kabla yake ilikuwepo ya 1985) inataka kilimo ndio kiwe kazi kubwa na wageni wawe nyongeza tu. Hata chakula wanachokupikia, sehemu kubwa inatakiwa itoke shambani kwao au kwa majirani wa eneo hilo. Kwa hiyo mtu hawezi tu kununua nyumba ya mawe, akachimba bwawa la kuogelea, akatandika mashuka meupe halafu akajiita agriturismo. Kama halimi, hilo jina sio lake.

Kwa nini nyumba zenyewe zipo nyingi hivyo? Mashamba mengi ya Toscana yalikuwa chini ya mfumo unaoitwa mezzadria, yaani tajiri anatoa ardhi na nyumba, familia inalima, mavuno wanagawana nusu kwa nusu. Familia inakaa juu, ng'ombe wanalala chini, na baridi ikija joto la ng'ombe linapanda juu kuwasaidia. Miaka ya 50 na 60 vijana wakakimbilia viwandani mijini, 1964 ikatoka sheria ya kukataza mikataba mipya ya aina hiyo, nyumba zikabaki magofu huku mizabibu bado iko pale. Hizo ndizo zilizokuja kugeuzwa nyumba za kulaza wageni, na chama cha kwanza cha hii biashara, Agriturist, kikaanzishwa 1965. Ndio maana ukipewa chumba cha chini chenye dari la matao ya matofali ujue kuna uwezekano mkubwa umelala zizini. Mwanangu alivyosikia hivyo alizunguka chumba kizima ananusa kuta.

Sasa hii inahusiana vipi na kutembelea watengeneza waini? Inahusiana sana, maana kosa ambalo karibu kila familia inalifanya (na sisi tulilifanya) ni kupanga cantina tatu kwa siku moja. Cantina ni pale waini inapotengenezwa na kuhifadhiwa, na degustazione ni ile kuonja: unakalishwa mezani, unaletewa glasi kama tatu mpaka tano, mkate, jibini kidogo, na mtu wa kukueleza udongo na mapipa, saa nzima au zaidi. Kwa mtu mzima ni raha, kwa mtoto wa miaka sita ni adhabu. Na mara nyingi unalipia na unabuku mapema, sio unagonga geti tu kama unaenda dukani. Kwenye ramani ukiangalia miji midogo ya Greve, Panzano na Radda unaona ni hapo kwa hapo, ila barabara yenyewe ya Chiantigiana, SR222 inayotoka jiji la Firenze (Florence) kwenda Siena, ni kona juu ya kona. Sisi cha kwanza kutoka kwenye gari kilikuwa chai ya asubuhi ya mtoto wa pili, tukafika cantina ya pili tumechelewa, wameshafunga wameenda kula mchana. Ya tatu hata hatukuijaribu.

Ndipo unapoona faida ya kulala kwenye agriturismo inayotengeneza waini yake yenyewe. Kuonja kunafanyika ghorofa ya chini ya kitanda chako, watoto wako nje wanakimbiza kuku, na hakuna anayeshika usukani baadaye. Hili la usukani sio dogo, maana kiwango chao ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na mwenye leseni ambayo haijafikisha miaka mitatu ni sifuri kabisa. Ukienda kwa gari cantina nyingine, dereva aonje ateme, kile chombo mezani kimewekwa kwa kazi hiyo na hakuna anayekushangaa.

Mambo ya cantina nyingine weka moja kwa siku, asubuhi, halafu basi. Sisi tulichagua moja tu ya mbali, mji wa Montalcino, kwa ajili ya waini yao ya Brunello ambayo ni zabibu ya Sangiovese peke yake na haiingii sokoni mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, yaani ya 2020 imeanza kuuzwa 2025. Mke wangu akapiga hesabu akagundua hizo zabibu zilichumwa kabla kitindamimba wetu hajazaliwa. Waini ya Chianti Classico, ile ya vilima vya kati ya Firenze na Siena, utaijua kwa jogoo mweusi shingoni mwa chupa.

Asiyekunywa naye hajaachwa. Mama mkwe hagusi kilevi, na yeye ndiye aliyefaidi kuliko wote, maana mashamba mengi yana mizeituni pia na akaonjeshwa mafuta mapya, yale yanayowasha kooni mpaka unakohoa. Ila kama hamli nguruwe semeni siku mnabuku, kwani Toscana ukisema tu karibu mezani soseji imeshakatwa.

Kabla ya kulipa, andika meseji uwaulize wanalima nini na jioni wanapika au hawapiki, maana duka linaweza kuwa mbali na njia ni ya vumbi jeupe. Nyumba zilizopangwa madaraja zina alama ya maua ya alizeti, moja mpaka matano, kama nyota za hoteli. Agosti wengi hawakubali chini ya wiki nzima, Jumamosi mpaka Jumamosi. Na kama unataka kuona vendemmia, yaani kuchuma zabibu, nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kwani wao sio kama Dodoma wanakovuna mara mbili kwa mwaka. Ila wiki hizo trekta linaanza kunguruma hamjaamka na mwenye nyumba hana muda wa stori. Chakula cha jioni hakiji kabla ya saa moja na nusu usiku, mara nyingi saa mbili, kwa hiyo wenye watoto wawe na ndizi kwenye begi.