Korona haikuchagua kwa ukubwa

Mpaka leo utasikia Kisumu, Kenya, kwamba korona iliua biashara ndogo na kuziacha kubwa zikinenepa. Si hivyo. Ukubwa ulikuwa na uzito wake, lakini kilichoamua zaidi ni biashara inauza nini, kwa nani na saa ngapi.

Chukua mama anayekaanga samaki kando ya barabara. Mchana anauza kidogo. Pesa yake huingia jioni, watu wakitoka kazini. Kafyu (amri ya kutotoka nje usiku) ya Machi 2020 ilianza saa moja usiku, kwa hiyo mafuta yakishika moto, wateja wanakimbilia nyumbani. Juni 2021 kaunti 13, Kisumu ikiwemo, zilirudishiwa saa hiyo hiyo, huku kwingine kafyu ikianza saa nne. Jirani yake wa kioski cha unga na sabuni, mdogo vilevile, hakukosa wateja: watu wakikaa nyumbani bado wanakula.

Na wakubwa? Mashamba ya maua ya Naivasha, kaunti ya Nakuru, yalitupa waridi soko la Ulaya lilipoporomoka, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mshona sare za shule aliumia kwa sababu nyingine kabisa: shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote wakarejea Januari 2021. Matatu ya abiria 14 nayo ilibeba 8, ili abiria waachiane nafasi.

Ukubwa ulisaidia (hili tukubali) pale palipokuwa na akiba, au benki iliyokubali kuahirisha mkopo. Mama samaki hakuwa na benki hiyo. Mtaji wake wenyewe ndio uliolisha watoto.