Chuo Kikichuja Sana, Mshahara Mnono? Si Hivyo

Kila msimu wa kuomba vyuo vya Marekani ukifika, wazazi huniletea swali lile lile: "Mwalimu, chuo gani kinachukua wachache zaidi? Aombe hicho, ndiko kwenye mshahara." Dhana hii imenichosha, maana inawapoteza vijana wazuri.

Kiwango cha udahili ni hesabu ya kugawanya tu: waliokubaliwa kwa walioomba. Chuo kikijitangaza sana, au kikiacha kudai alama za SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani), maombi yanafurika na asilimia inashuka, ilhali darasani hakuna kilichobadilika. Ni kweli wahitimu wa vyuo hivyo hulipwa vizuri, lakini waliingia wakiwa wanafunzi wa namna gani? Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti kuhusu vijana walioanza chuo 1976. Waliwalinganisha waliokubaliwa na vyuo vya hadhi moja, kisha baadhi wakaamua kusoma kwenye chuo chenye mchujo mdogo. Miaka mingi baadaye vipato vyao vilikaribiana sana. Uwezo na bidii walikuja navyo.

Walionufaika waziwazi na mchujo mkali ni watoto wa familia zenye kipato kidogo. Kwa hiyo mzazi asiye na uwezo namwambia mtoto aombe bila woga: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima hata mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama ana ada, na akikubaliwa humjazia pengo la gharama. Hiyo ni sababu ya maana. Asilimia ya udahili siyo.

Kinachotofautisha mishahara kwa kiasi kikubwa ni kozi. Mhandisi wa kemikali kutoka chuo cha jimbo ambacho jirani zako hawajawahi kukisikia, kwa kawaida huanza na mshahara unaompita mhitimu wa tamthilia wa chuo maarufu. Tena asilimia unayoisoma ni ya chuo kizima. Pale Chuo Kikuu cha Illinois, kampasi ya Urbana-Champaign, sayansi ya kompyuta ina mchujo mkali kuliko wastani wa chuo, na ukiingia kwa kozi nyingine, kuhamia huko ni shida.

"Basi asome kompyuta, kazi ni uhakika." Hapana. Takwimu zilizotolewa 2025 na tawi la New York la benki kuu ya Marekani zilionyesha asilimia 6.1 ya wahitimu wapya wa sayansi ya kompyuta hawana kazi. Wa falsafa 3.2. Ila wahitimu wengi wa falsafa wako kwenye kazi zisizohitaji digrii, kwa hiyo usikimbilie huko pia.

Wengine hunionyesha mishahara ya College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani ya kulinganisha vyuo. Ile huhesabu waliopata msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Mwanao mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hayumo.

Na viza hiyo ndiyo wazazi wanaisahau. Baada ya digrii humpa miezi 12 ya kufanya kazi. Kozi ikiwa kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaongezewa 24. Kozi ya uchumi ya chuo kimoja inaweza kuwamo, ya chuo kingine isiwemo, kwa sababu tu ya msimbo, yaani namba ambayo chuo kimeipa kozi hiyo. Andikieni ofisi ya wanafunzi wa kigeni, muulize msimbo wa kozi, mpate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.