Je, wajua kwa nini maua machungu ya uani hurutubisha shamba?

Ukitoka Kisumu kuelekea Busia, ukapita Maseno na Luanda, utaona nyua nyingi zimechanua maua ya manjano kama alizeti ndogo. Hiyo ni alizeti-pori. Waluo huiita maua makech, Waluhya maua amalulu, na maana ni ile ile: maua machungu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini huku imezoea hata huota kando ya barabara bila kupaliliwa.

Wengi tumeijua kama dawa. Majani huchemshwa, maji yake yakanywewa kutuliza tumbo au homa. Maabara zimepata ndani yake kemikali iitwayo tagitinini C, ambayo huua vimelea vya malaria. Ila panya waliopewa dawa ya majani hayo waliumia ini na figo, kwa hiyo simshauri mtu kuinywa, sembuse mjamzito au mtoto. Mwenye homa akapimwe kwanza.

Anayefaidi zaidi ni udongo. Alizeti-pori si jamii ya kunde, haivuti nitrojeni hewani kama maharagwe. Kazi yake ni kukusanya: mizizi hufyonza rutuba iliyotawanyika, hata fosforasi ambayo udongo mwekundu wa Magharibi huing'ang'ania, ikaiweka majanini. Kilo 1,000 za majani makavu zina takriban kilo 35 za nitrojeni, 4 za fosforasi na 41 za potasiamu. Tena majani ni laini. Mabua ya mahindi hukaa msimu mzima, haya huanza kuoza na kuachia rutuba ndani ya wiki moja au mbili.

Kuipanda ni rahisi: kata vijiti vilivyokomaa, urefu wa futi moja hivi, uvichomeke kwa kuinamisha mvua ya masika inapoanza. Vuna matawi mabichi kabla hayajachanua, yasije yakawa magumu kama mti, na mbegu zisisambae kwa jirani. Katakata, fukia kwenye mitaro ya sukuma wiki. Nasema sukuma wiki kwa sababu sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Ekari ya mahindi ingekutaka mikokoteni mingi mno, na mgongo wa kuibeba.

Na kwa kuwa mmea huu hukusanya tu, ua unaokatwa kila mara hudhoofika wenyewe. Urudishie samadi au majivu ya jikoni chini ya mashina.